Simu ya Ijumaa

Simu ilipolia Jumanne, Wasfiya alijua kuna jambo, kwa sababu simu ile ilikuwa ya Ijumaa. Miaka kumi na moja ilikuwa ikilia Ijumaa baada ya swala ya alasiri, mara moja tu kwa wiki, na siku nyingine ilikaa kimya juu ya friji, chini ya kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Nani angempigia? Sisi majirani tulishaacha. Hata jina lake la heshima tulishaacha kulitaja. Zamani alikuwa Mama Rushdi kama mwanamke mwingine yeyote mwenye kifungua mimba wa kiume. Baada ya yale yaliyotokea akawa Wasfiya tu, na kwa wasio na adabu, mama wa yule.

Ijumaa mambo yalikwenda hivi. Simu inalia, namba haionekani. Wasfiya anajifuta mikono, anapokea, anasema "Haloo?" Upande wa pili hakuna neno, pumzi tu. Naye anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umekosea namba, mwanangu." Lakini hakati. Anaiweka simu mezani, wazi, na kuanza kuongea na binti yake Ibtihaji aliye jikoni: ooh, tini za mti wa nyuma zimeiva, ooh, paka kazaa tena kwenye sanduku la viatu vya baba yako. Dakika kumi, robo saa. Kisha simu inakatika yenyewe, naye anakaa pale pale mpaka adhana ya magharibi. Siku moja pumzi zile zilikuja na kikohozi. Wasfiya akapaza sauti, "Ibtihaji! Mtu mwenye kifua kama hicho achemshe majani ya mrehani, anywe asubuhi na jioni, asifanye ukaidi!" Ijumaa iliyofuata hakukuwa na kikohozi, na Wasfiya alishinda akiimba.

Nimeyajuaje? Ukuta wangu na wake ni mmoja, na mengine amenisimulia Ibtihaji. Kafr Nuwara ni kijiji kidogo, na mimi sina haya ya kusema kwamba nilikuwa nikisikiliza. Haya ninayo kwa mambo mengine.

Basi Jumanne ile, saa nne asubuhi, alipokea.

"Hajati Wasfiya?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, Kiarabu kimenyooka mno, cha afisa wa jeshi linalotutawala, aliyekisomea. "Naitwa Kapteni Raidi. Hunijui."

"Sikujui."

"Ninasikitika kukwambia. Rushdi amefariki. Jumapili, nyumbani kwake. Moyo."

Wasfiya hakupiga kelele. Aliuliza swali ambalo Ibtihaji hadi leo hajalielewa. "Alikuwa amekula?"

"Samahani?"

"Nauliza, alikufa na njaa, au alikuwa amekula?"

Zilisikika karatasi zikipekuliwa. "Sina habari hiyo, mama. Sikiliza. Tunaweza kumleta kituo cha ukaguzi Alhamisi, saa sita mchana. Lakini lazima muwe na barua ya baraza la kijiji, yenye muhuri, kwamba kaburi lipo na hakutakuwa na fujo. Bila barua atazikwa huku."

"Huku wapi?"

"Kuna sehemu."

"Sehemu ya Waislamu?"

"Tuliwaomba Waislamu wa mji alioishi. Walikataa walipojua alikuwa nani. Kuna sehemu nyingine, mama. Kibao na namba."

"Na jina?"

"Namba," alisema Kapteni.

*

Wasfiya alivaa juba lake jeusi na kwenda moja kwa moja kituo cha mafuta. Dhiyabu, mwenyekiti wa baraza letu, ndiye mwenye kituo, na shughuli zote za serikali huzifanyia pale pale katikati ya makopo ya oili. Ibtihaji alimfuata nyuma akilia ndani ya mtandio. Ana miaka thelathini na nne, mshonaji hodari kuliko wote wilayani, na hakuna mama hata mmoja aliyewahi kubisha hodi kumposea mwanawe. Sababu tunaijua.

"Nipe barua, Dhiyabu," alisema Wasfiya alipokwisha kueleza.

Dhiyabu alishusha miwani. Si mtu mbaya. Ni mwoga, na woga wake una mabega mapana na masharubu. "Hajati, mimi nikitia muhuri leo, kesho asubuhi pampu hizi zitakuwa majivu."

"Nataka shimo tu. Mita mbili za udongo."

"Udongo wa nani? Makaburi yale ni ya kijiji, na ndani yake yumo Iyasi."

Jamaa aliyekuwa akijaza trekta alidakia bila hata kugeuka, "Mpeleke kwa waliomlisha!"

"Waislamu wa huko wamekataa," Wasfiya alimjibu. "Mpaka wao wamemkataa. Umefurahi?"

Jamaa akarudia kufunga kifuniko cha tangi ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Dhiyabu alikuna shingo. "Mufidi akikubali," alisema mwishowe, "baba yake Iyasi akisema ndiyo kwa kinywa chake, nitatia muhuri. Hapo hakuna atakayenigusa. Nenda kwake. Lakini usiende peke yako, nenda na wanaume."

Wanaume wenyewe ndio mashemeji zake, ndugu za marehemu mumewe. Walikuwa watatu, na wakubwa wawili hawakufungua mlango. Wa tatu, Jalali, alisimama kizingitini amevaa soksi tu. "Shemeji, mkono huu ndio uliosaini kwamba si wetu. Tulisaini sote. Na wewe uliweka dole gumba."

"Niliweka. Ulinishikia mkono wewe."

"Nilikuokolea nyumba! Walikuwa wamekuja na madebe ya petroli, umesahau?"

"Sijasahau, Jalali. Vaa viatu twende."

Jalali alitazama chini kwenye soksi zake kwa muda mrefu. Kisha alisema ana miadi mjini Jenini kwa daktari wa meno.

*

Kwetu mtu mwenye ombi zito haombi kwa mdomo mtupu. Anaingia, anaketi, analetewa finjani ya kahawa, naye anaiweka chini bila kuigusa. Hapo mwenye nyumba anajua. Atauliza, "Mbona hunywi?" na mgeni atasema haja yake. Mwenye nyumba akikubali, husema, "Kunywa kahawa yako." Maneno hayo yakishatoka, yamekwisha kila kitu. Damu zimesamehewa hivyo, na mabinti wameozwa hivyo. Akikataa, kahawa inapoa, mgeni anaondoka, na aibu inabaki mezani kwa wote wawili.

Mufidi ni mwashi wa mawe, mikono yake kama koleo. Aliwafungulia mwenyewe. Aliwaonyesha viti. Juu ya kichwa chake kulikuwa na picha ya Iyasi katika fremu, na miaka ishirini na miwili yake na masharubu machache aliyokuwa akijivunia. Wasfiya alimjua mtoto yule tangu akitambaa. Alikuwa akiiba maandazi ya zaatari, yale ya majani makavu na ufuta, kwenye tanuri walilotumia pamoja yeye na mama yake Iyasi, enzi zile.

"Joto mwaka huu," alisema Mufidi.

"Joto kweli," alisema Wasfiya.

"Mizeituni itazaa haba."

"Itazaa haba."

Wakangoja. Nyuma ya pazia la jikoni kulisikika mlio wa kijiko, kisha ukakoma. Mufidi alizungumzia bei ya saruji. Alizungumzia maji. Robo saa ikapita, nusu saa, saa nzima, na kahawa haikuja. Ndipo Wasfiya alipoelewa. Mufidi amekataza isiletwe. Bila finjani hakuna cha kuweka chini, na bila cha kuweka chini, yeye ni kikongwe tu aliyekuja kuzungumza habari za joto.

Saa mbili zilipotimia Wasfiya alisimama. "Tutakuja tena kesho," alisema.

"Nyumba iko pale pale," alisema Mufidi.

Njiani Ibtihaji alifoka. "Mama, hata maji! Mbwa wa watu hupewa maji!"

"Nyamaza. Ana haki."

"Haki ya kutudhalilisha?"

"Ndiyo," alisema Wasfiya. "Hiyo pia."

Kabla ya magharibi kijiji kizima kilijua kuwa nyumba ya Mufidi imemtoa mgeni mkavu. Wengine walicheka. Wengi, nakuapia, hawakucheka. Kumchukia mtu kwetu ni jambo la kawaida, lakini kumnyima kahawa ni jambo ambalo hata bibi zetu hawakuwahi kulishuhudia.

*

Jumatano walirudi saa ile ile. Viti vile vile, joto lile lile. Mufidi alikuwa amenyoa ndevu vibaya, na kidevu kilikuwa na mikwaruzo. Wasfiya aliketi akaweka mikono magotini. Alikuwa ameamua kwamba saa mbili zikipita ataomba hivyo hivyo, kinywa kitupu, akataliwe, basi, na mwanawe awe namba.

Pazia likasogea. Mama Iyasi aliingia na sinia. Dele la kahawa lilikuwa linatoa moshi, na iliki ilijaa chumba kizima. Alikuwa amekonda tangu kipindi kile cha tanuri, nywele nyeupe zikichungulia. Alimimina, akainama, akasema kama alivyokuwa akisema kila siku kwa miaka ishirini kabla ya balaa, "Karibu kahawa, Mama Rushdi."

Akabaki ameinama na sinia. Alikuwa amesikia alichokisema.

"Nani kakutuma?" Mufidi alisema taratibu, na taratibu ile ilitisha.

"Hakuna aliyenituma."

"Nilikwambia nini jana?"

"Uliniambia." Mama Iyasi alianza kulia bila kutoa sauti. "Sikulala, Mufidi. Tangu uniingize nyumba hii hakuna mgeni aliyetoka mkavu. Nilisimama jikoni nikasema sichemshi, sichemshi, kumbe nimeshachemsha. Mikono yangu, sijui. Nivunje ukitaka."

Alitoka upesi. Wasfiya alishika finjani kwa vidole viwili kama kitu cha kuiba, akaiweka chini mezani, mbele ya Mufidi. Ibtihaji alifumba macho.

Mufidi hakuuliza mbona hunywi. Aliitazama finjani ile muda mrefu. Kisha alisema, "Asubuhi ile Iyasi alipita kwa mwanao kuazima jeki ya gari. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Mwanao akamwazima. Akamuuliza, unapitia njia gani? Akamwambia, ya kinu cha kukamulia zeituni. Nusu saa baadaye njiani pale jeshi lilikuwa limelipiga gari lake, halitambuliki. Jeki walinirudishia. Ninayo mpaka leo chini ya ngazi, haikukwaruzika hata kidogo. Chuma kizuri." Akakohoa. "Nataka kukuuliza kitu kimoja. Ukinidanganya nitajua. Ulijua?"

Hapa ndipo ilipokuwa barua, na muhuri, na mita mbili za udongo. Ibtihaji aliniambia kwamba alimkanyaga mama yake mguu chini ya meza, kwa nguvu. Jibu lilikuwa rahisi na kila mtu kijijini alikuwa nalo mdomoni: wallahi sikujua. Jalali aliapa hivyo juu ya Msahafu. Nami niliapa hivyo, ingawa niliona gari geni likimshusha Rushdi nyuma ya shule mara mbili, nikaenda zangu kuanika nguo.

"Mume wangu alikuwa na saratani ya tumbo," alisema Wasfiya. "Watu walikuwa wakingoja kibali cha hospitali ya upande wa pili miezi minne, mitano, wengine wanafia hapa hapa wakingoja. Chetu kilikuja siku ya tatu. Nikamuuliza Rushdi, hiki umekipataje? Akasema, Mama, funga begi." Alipumua. "Nikafunga begi."

"Sijauliza begi."

"Nilijua, Mufidi. Si siku ile. Lakini kilipoisha na cha pili kikaja, na cha tatu, nilijua hakuna anayepewa vitu hivyo bure. Mume wangu alianza kula tena. Alikula chungwa zima mbele yangu bila kutapika, nikakaa nikimwangalia akila, nikanyamaza. Miaka miwili nilinyamaza."

"Ulijua ni Iyasi?"

"Sikujua ni Iyasi. Nilijua ni mtoto wa mtu."

Ibtihaji aliondoa mguu wake. Aliona yamekwisha, akaanza kutafuta mkoba wake.

Mufidi aliinuka. Alikwenda dirishani akasimama akiwapa mgongo, mkono mmoja juu ya ukuta alioujenga mwenyewe. Adhuhuri iliadhiniwa na kumalizika. Nyuma ya pazia hakukuwa na mlio wowote, lakini viatu vya Mama Iyasi vilionekana chini yake. Kahawa ilifanya utando.

"Miaka kumi na moja," alisema Mufidi bila kugeuka, "kila mtu wa kijiji hiki amekuja kukaa kiti hicho na kuniapia kuwa hakujua. Mwenyekiti, imamu, shemeji zako. Nikawa nafikiri labda mimi ni mwendawazimu. Labda kweli mwanangu alikufa na hapakuwa na mtu aliyejua chochote." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Wewe ndiye wa kwanza."

Akaurudisha mkono ukutani.

"Kwenye ukuta wa makaburi, upande wa mashariki, mbali na mwanangu. Hakuna turubai wala kikao cha matanga. Jiwe lisiandikwe."

"Lisiandikwe," alisema Wasfiya. "Nitalijua."

Mufidi aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, na ilimchukua muda kuyatafuta maneno, kana kwamba ni ya lugha ngeni.

"Kunywa kahawa yako," alisema.

Ilikuwa imepoa kabisa. Aliinywa yote, pamoja na machicha.

*

Alhamisi Dhiyabu aliwapeleka kituo cha ukaguzi kwa pikapu yake, barua yenye muhuri ikiwa juu ya dashibodi. Walingoja juani mpaka saa nane, kwa sababu saa sita ya kule si saa sita. Wanajeshi wawili vijana walishusha jeneza la mbao nyepesi. Walisema ameshaoshwa. Wasfiya aliomba afunuliwe uso.

Siku zote alikuwa akimsubiri kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye nywele nyingi, anayepita jikoni kuchota maziwa mgando kwa kidole. Aliyeletewa alikuwa mwanamume wa makamo, kipara mbele, mvi pembeni, mikunjo miwili mirefu kando ya mdomo. Wasfiya alimtazama, akamtazama. "Amezeeka," alimwambia Ibtihaji kwa mshangao. "Mwanangu amezeeka na mimi sikuwepo." Hapo ndipo alipolia, Ibtihaji anasema, na Dhiyabu akalazimika kwenda kusimama nyuma ya gari.

Walipewa pia mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na saa ya mkononi, miwani ya kusomea, na kopo la majani makavu ya mrehani, limebaki robo.

Kwa desturi zetu wanawake hawafuati maiti makaburini. Lakini jeneza linataka mabega manne, na wanaume waliojitokeza walikuwa wawili, Dhiyabu na Fawazi mchimba kaburi. Basi nyuma wakabeba mama na dada. Nilikuwa dirishani. Milango ya mtaa mzima ilikuwa imefungwa na macho yote yalikuwa kwenye nyufa, nami nikiwa mmoja wao, na mume wangu kitandani akijifanya amelala saa tisa mchana. Nilimwona Wasfiya akijikwaa karibu na bomba la maji. Ningeweza kutoka. Ni hatua ishirini tu.

Mufidi alikuwa amefika makaburini kabla yao. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kaburi la Iyasi, fimbo magotini, uso kuelekea langoni. Vijana watano waliokuwa wamejikusanya pale nje na mawe mikononi walimwona, wakangoja awaambie neno. Hakuwaambia. Mawe yakaanza kudondoka moja moja. Fawazi alimswalia Rushdi, safu nyuma yake ikiwa Dhiyabu peke yake, na wale wanawake wawili nyuma ya Dhiyabu. Mufidi hakuswali na hakugeuka hata mara moja. Udongo ulipokwisha kusawazishwa alibeba kiti chake akaenda zake.

*

Ijumaa nilipomaliza kuswali alasiri nilikaa ukutani kwangu kama kawaida. Mazoea ni mabaya. Upande wa pili kulikuwa kimya. Nikasikia kitambaa kikiondolewa juu ya simu, kisha kikirudishwa. Kisha mlango.

Safari hii nilitoka. Sitajisifu, nilimfuata kwa mbali, na mkononi nilikuwa na chupa ya kahawa ambayo sikuwa na uhakika nitathubutu kuitoa. Makaburini Mama Iyasi alikuwa kwa mwanawe, kama alivyo kila Ijumaa. Wasfiya alipita mbele yake ameinamisha kichwa.

"Mama Rushdi," alisema Mama Iyasi. Safari hii haukuwa ulimi uliomponyoka.

"Naam, Mama Iyasi."

Basi, hawakusema zaidi ya hapo. Wasfiya alikwenda hadi ukuta wa mashariki, akaketi chini kwenye udongo mbichi na kukunjua leso. Ndani mlikuwa na tini sita. Alizipanga moja moja. Alitazama huku na huku, mazoea ya miaka kumi na moja, kuona nani anasikiliza. Aliniona. Nilisimama na chupa yangu, aibu imenijaa mpaka masikioni. Aliniangalia, kisha akaligeukia kaburi kama mtu aliyechoka kuficha.

"Rushdi," aliita. Kwa sauti kubwa, ya kuita mtoto aliye uwanjani. Sikuwahi kulisikia jina lile kinywani mwake tangu usiku gari geni lilipomchukua kwenda upande wa pili. "Rushdi! Tini zimeiva. Paka kazaa tena. Dada yako anakushonea pazia, sijui la nini, mwambie aache." Akapapasa udongo kama anavyopapasa mto wa mtu anayetaka kulala. "Na hapa hukukosea, mwanangu. Hapa ndipo."